Mgeni na Tandiko Lake

Agosti na Desemba, nyumba za Migwani, huku Kitui, hujaa kupita kiasi. Walioondoka kwenda Nairobi, Thika na Mombasa wanarudi kwa pamoja, wengine kwa harusi, wengine kuzika, wengine kwa sababu tu shule zimefungwa na watoto wanamtaka susu, yaani bibi yao. Nyumba ya vyumba vitatu inatakiwa kulaza watu kumi na watano. Kinachofuata kila Mkamba anakijua. Mama mzee anayeumwa magoti anahamia kwenye mkeka jikoni, wajukuu wanapangwa sakafuni sebuleni, kitanda kinatandikwa shuka lililofichwa kabatini mwaka mzima, na mwana aliyekuja na gari ndiye anayekilalia. Hakuna anayelalamika. Kulalamika kungekuwa aibu kuliko kulala chini.

Ndiyo maana nalipa uzito suala la godoro la kulalia garini. Huko Marekani na Ulaya watu hulala ndani ya magari yao kwa starehe, karibu na ziwa au msitu, na kuna maduka mazima ya kuwauzia vifaa. Kwetu gari limekuwa chumba cha kulala kwa njia nyingine, bila mtu kulitangaza hivyo. Probox iliyoegeshwa chini ya mwembe uani ina nafasi ya mtu mmoja, au wawili wanaopendana. Noah ina nafasi zaidi. Anayejua kuitumia nafasi hiyo hamwondoi mtu kitandani.

Tatizo ni kwamba ukarimu wetu haulikubali jambo hili kwa urahisi. Mwambie susu kwamba utalala garini, uone uso wake unavyobadilika. Atadhani umeidharau nyumba yake, au unaogopa kunguni, au mmekosana na nduguyo na hutaki kulala naye chini ya paa moja. Gari ni la njiani. Mtu wa nyumbani akilala ndani yake ni kana kwamba bado hajafika. Ipo hoja moja tu ya kumpa akaielewa: kwamba utalala vizuri. Na hoja hiyo haina nguvu kama si kweli. Alfajiri atatoka na chai, atakutazama unavyoshuka, ataona kama umeshika kiuno. Wazee huusoma mwili kabla ya kuuliza umeamkaje. Tandiko likiwa baya, jioni ya pili atakuwa ameshahamisha blanketi zake hujafungua mdomo, na safari hiyo hatasikiliza maneno. Kwa hiyo anayechagua tandiko la gari kwa makini hajidekezi. Analinda kitanda cha mtu mwingine.

Kuna mmoja ambaye mara nyingi hatumhesabu kabisa: dereva. Basi la shule lililokodiwa kuleta waombolezaji linafika jioni ya mkesha. Wanakwaya wanapata mahali, wazee wanapata mahali, kila mtu anapata muthokoi na chai, kisha dereva na utingo wake wanaachiwa gari lao. Dereva anajikunja kwenye kiti cha watu watatu, magoti yamegusa kidevu, bomba la chuma la kiti likimkata mbavuni. Kesho yake, kaburi likishafukiwa, ndiye atakayewarudisha watu wote wale Nairobi kwa barabara ya Thika, jua la alasiri likimpiga usoni. Sheria ya Trafiki ya Kenya inamkataza dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Sheria inahesabu saa za usukani; saa zile nyingine hakuna anayeuliza alizilalia nini. Kamati ya mazishi inayoandika bajeti ya jeneza, maturubai na tangi la maji ingeweza kuandika pia godoro la dereva. Gharama yake ni ndogo kuliko ya maua, na nalisema hili nikikumbuka ni mara ngapi tumepokea habari za ajali zilizotokea watu wakitoka mazishini.

Madereva wa malori, kwa upande wao, wamelitafakari jambo hili kuliko sisi sote. Pita Mtito Andei, Emali au Sultan Hamud usiku, kwenye ile barabara kuu ya Mombasa, uone malori yalivyopangana. Dereva ana kitanda chembamba nyuma ya viti vyake. Utingo analala juu ya mzigo, turubai likiwa tandiko, au chini ya trela juu ya kadibodi. Tangu lami ya kutoka Kibwezi ipite Mutomo na Kitui mpaka huku kwetu Migwani, malori ya aina hiyo yamekuwa wageni wa kawaida, hasa msimu wa ndengu, wafanyabiashara wanaposubiri magunia yajae. Zungumza na watu hawa na utashangaa: hakuna anayekwambia anataka tandiko laini. Wanataka sehemu kavu, iliyo sawasawa, isiyogusa chuma. Hayo matatu kwanza. Ulaini ni wa mwisho.

Wanachokisema ndicho babu zetu walichokijua. Ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa kwa jua haikuwa laini hata kidogo, lakini ilikata unyevu wa ardhi na ilibaki sawasawa. Mkeka uliruhusu hewa. Baadaye katani, mmea aliouleta Richard Hindorf Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893, ulienea hata huku, ukawa uzio wa mashamba ya Ukambani na mali ya mashamba makubwa kama lile la Dwa kule Kibwezi. Nyuzi zake zilijazwa kwenye magodoro ambayo wengi wa rika la wazazi wetu waliyalalia mabwenini. Yalichoma, yalijikusanya mabonge, lakini mgongo haukuzama. Godoro la sponji lilipofika liliyafuta yote hayo kwa sababu lilikuwa jepesi, safi na rahisi kubebwa juu ya matatu. Sponji yenyewe ina asili ya maabara: Otto Bayer na wenzake waligundua kemia yake Ujerumani mwaka 1937, na kufikia miaka ya 1950 sponji laini ilikuwa imeanza kuuzwa. Leo mtu akitamka neno godoro Kitui, hafikirii kitu kingine.

Hapa ndipo penye kosa ninaloliona madukani kila mara. Mnunuzi anabonyeza godoro kwa kiganja, linabonyea vizuri, anaridhika. Kiganja hakina uzito wa nyonga. Mtu akilala kwa ubavu, sehemu kubwa ya uzito wake huangukia mahali pawili, begani na kwenye nyonga, na hapo ndipo sponji nyepesi inapokubali mpaka chini. Weka goti lako juu ya godoro, tia uzito wako wote, uhesabu polepole mpaka kumi. Ukihisi sakafu, nyonga yako itaihisi saa tisa usiku. Muuzaji asiyetaka ufanye hivyo ana sababu zake.

Halafu tofautisha uzito wa sponji na ugumu wake, maana si kitu kimoja. Uzito hupimwa kwa kilo katika mita moja ya ujazo na ndio unaoamua sponji itadumu miaka mingapi kabla ya kulala shimo. Ugumu ni jinsi inavyokusukuma ukiilalia. Ipo sponji nyepesi iliyofanywa ngumu kwa kemikali. Dukani inajisimamia, baada ya msimu mmoja imekufa. Kwa gari, ambako nafasi kati ya sakafu na paa ni ndogo, unene hauwezi kukusaidia, basi sponji iwe nzito. Inchi nne za sponji nzito, ile iitwayo haidensiti, zinamtosha mtu wa kawaida. Inchi nane za sponji hafifu zitamfikisha chini vilevile na kumnyima nafasi ya kuketi bila kugonga kichwa.

Kuna jambo la pili ambalo watu wa Ukambani hulipuuza kwa sababu tunajulikana kuwa watu wa joto. Migwani iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku wake una baridi ya kweli, pamoja na upepo. Aliyelala garini Agosti anajifunika blanketi mbili juu na bado anatetemeka, kwa sababu baridi haiji kutoka juu. Chuma hupitisha joto mamia ya mara kuliko mbao. Chini ya sakafu ya gari kuna upepo unaopita usiku kucha, na blanketi iliyo chini yako imebanwa na uzito wako mpaka imebaki kitambaa kitupu. Joto la mwili linavuja kwenda chini.

Wenzetu wanaouza vifaa vya safari wana kipimo cha jambo hili, thamani ya R, yaani jinsi tandiko linavyozuia joto kupita. Mpaka hivi karibuni kila kampuni ilijipimia kwa njia yake. Mwaka 2018 ndipo ASTM, shirika la viwango la Marekani, lilipotoa njia moja ya kupimia, F3340, mnunuzi akaweza kulinganisha. Namba mbili inatosha usiku wa kiangazi cha huko kwao; nne na kuendelea ni ya baridi kali. Kwa Migwani ya Agosti, mbili au tatu zinatosha. Na kipimo hiki kina wema mmoja: namba hujumlishwa. Mkeka mwembamba wa sponji ngumu, ule wenye vijishimo vilivyofungwa usionyonya maji, ukiwekwa chini ya godoro, kinga ya huu na ya lile zinajumlishwa. Asiye na mkeka huo ana kadibodi, na chini ya kadibodi ubao wa plaiwudi. Utingo aliyelala juu ya kadibodi hana kipimo chochote mkononi, lakini hesabu yake ni sahihi.

Godoro la upepo silipendi, na nitasema kwa nini. Linakunjika likawa dogo, ni kweli, na mjini linaonekana la maana. Lakini hewa iliyo ndani yake inazunguka, inachukua joto la mwili na kulipeleka kwenye chuma. Ukilijaza jioni jua likiwa bado kali, nyuzi 30, kufika alfajiri ya nyuzi 15 hewa ile imenywea karibu asilimia 5, nawe unaamka umezama katikati ukidhani limetoboka. Na kutoboka nako hakuko mbali katika nchi ya migunga, ambako mtoto mmoja akipanda garini na miba kwenye kandambili mchezo umekwisha. Waliolitatua tatizo hili vizuri ni Jim Lea na Neil Anderson, wahandisi waliokuwa wamepoteza kazi katika kampuni ya ndege ya Boeing. Mwaka 1972 walianzisha kampuni ya Cascade Designs kule Seattle pamoja na John Burroughs, wakafungia sponji ndani ya mfuko wenye valvu. Ukifungua valvu, sponji inavuta hewa yenyewe. Ukifunga, sponji inaizuia hewa isizunguke. Ni wazo zuri sana. Matandiko ya aina hiyo huonekana mara mojamoja kwenye mitumba, na mwenye kulipata zima, aliloliacha limejaa usiku mzima dukani kabla ya kulipa, amepata mali.

Lakini sisi wengine tuna njia ya hapa hapa, nayo naiona bora: fundi wa makochi. Sponji ya godoro la kawaida la futi tatu kwa sita haiingii vizuri kwenye Probox. Viti vya nyuma vikikunjwa, urefu unakaribia kumtosha mtu wa kimo cha wastani, ila upana unabanwa na nundu mbili za magurudumu zinazoingia ndani, na pale viti vinapokunjikia kuna ngazi ndogo. Ngazi hiyo ndiyo adui. Haionekani, mkono ukipita juu yake unaona si kitu, lakini inamkuta mtu katikati ya mgongo. Pima kwa futikamba, siyo kwa macho. Chora umbo la sakafu kwenye gazeti lililounganishwa, kata, lilaze garini, rekebisha, kisha mpelekee fundi karatasi hiyo. Atailaza juu ya sponji, atachora kwa chaki, na kisu chake kirefu kilicholoweshwa maji kitapita bila kurarua. Mwambie akate vipande vitatu, siyo kimoja, na avishonee ndani ya foronya moja ya kitambaa kigumu, ili tandiko likunjike mara tatu na kurudi kuwa kiti cha uani mchana. Kipande cha katikati, kinachobeba nyonga, kiwe cha sponji nzito kuliko viwili vya pembeni. Fundi atakuuliza kwa nini unachanganya. Mweleze, naye atawaeleza wateja wengine. Pale penye ngazi ajaze kwa kipande chembamba kilichogandishwa kwa gundi. Zipu iwe upande wa miguu. Zipu ya upande wa kichwa itakukwaruza shavu.

Gari lenyewe nalo lilazwe vizuri. Viwanja vyetu vingi viko kwenye miteremko, mashamba yamekatwa matuta ya fanya juu, na sehemu iliyo tambarare karibu na nyumba mara nyingi ndipo mama anapoanikia mbaazi, kwa hiyo usimpore. Kichwa kielekee juu ya mteremko, jiwe moja bapa chini ya gurudumu, breki ya mkono imevutwa. Dirisha liachwe wazi kidogo pande mbili, kwa sababu pumzi za waliolala hugeuka maji kwenye vioo na kuteremka mpaka chini ya godoro, ambako huoza kimyakimya. Kila asubuhi tandiko lisimamishwe lipigwe na hewa. Jiko la makaa halina ruhusa kuingia garini hata kwa dakika, wala injini kuachwa inanguruma ili kupasha joto. Gesi ya makaa haina harufu na haiamshi mtu.

Na usiegeshe karibu na kichuguu. Hili nalisema kwa sauti kubwa kuliko yote, kwa sababu wageni hawalijui na vijana wetu wanaanza kulisahau. Kitui ni moja ya sehemu za Kenya zenye kala-azar, ugonjwa wa homa ndefu isiyoisha na wengu unaovimba, ambao usipotibiwa huua. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ulizuka huku kwa ukali, na watafiti waliokuja waliona kwamba nyumba zilizoguswa zilihusiana na vichuguu vya mchwa, mahali familia zilipokuwa zikibarizi jioni. Anayeueneza ni inzi mdogo wa mchangani, mdogo kuliko mbu, anayejificha mchana kwenye mashimo ya kichuguu na kutoka giza likiingia. Hupenya matundu ya chandarua cha kawaida kisichotiwa dawa. Hana nguvu ya kuruka mbali, kwa hiyo hatua kadhaa za ziada kutoka kichuguuni ni kinga yenye maana, na chandarua cha madirisha kiwe na matundu madogo sana na kiwe kimetiwa dawa. Desemba, mvua za vuli zikiwa zimeotesha nyasi mpaka magotini, kichuguu kinaweza kuwa hatua tano kutoka garini usikione. Zunguka mchana uangalie.

Basi tuseme umefanya yote. Umelala vizuri, umeshuka umenyooka, susu amekutazama na hakupata la kusema, na amebaki kitandani kwake. Hapo ndipo swali ambalo nimekuwa nikilikwepa linapokuja lenyewe. Kitanda hicho alichobaki nacho kina nini juu yake? Ingia chumbani kwake mchana, weka goti kwenye godoro lake, tia uzito wote, hesabu mpaka kumi kama ulivyofanya dukani. Katika nyumba nyingi ninazozijua goti litagusa mbao kabla ya kufika nne. Ni godoro alilonunuliwa mtoto wa mwisho alipopata mshahara wa kwanza, na mtoto huyo sasa ana watoto wa sekondari. Katikati lina shimo lenye umbo lake. Tunamlindia kitanda asikitoe, na kitanda chenyewe ndicho kinachomuumiza magoti na kiuno.

Mwili wa mzee unataka tofauti na wa dereva. Anahitaji urefu wa godoro na kitanda pamoja umfikie magotini, ili akiketi ukingoni aweze kusimama bila kusukuma ukuta. Anahitaji ukingo mgumu usiomporomosha. Ngozi yake imekuwa nyembamba, kwa hiyo sponji nzito ya inchi nane, yenye safu laini ya inchi moja juu, inamfaa kuliko ile ngumu tupu ambayo muuzaji ataisifu kwa neno la madaktari. Futi nne kwa sita linapita kwenye mlango wa chumba chake. Tano kwa sita aghalabu halipiti mpaka likunjwe, na sponji nzito haipendi kukunjwa. Pima mlango pia.

Godoro hilo litasafiri juu ya Probox, limefungwa kwa kamba ya katani kwenye keria, limefunikwa nailoni kwa sababu ya vumbi la njiani, na barabara nzima watu watajua unakwenda nyumbani. Lile tandiko dogo la vipande vitatu litakuwa ndani, mahali pake. Kama fedha zinatosha kimoja tu mwezi huu, nunua la juu ya keria, na Agosti hii ulalie kadibodi.